Sura ya tano: kitabu cha watoto kilichorekebishwa baada ya miaka 14

Ripoti ya mswada wa kitabu cha watoto ina tarehe 30 Oktoba 1936, na aliyeiandika ni mtoto wa miaka 10 aitwaye Rayner Unwin. Baba yake, Stanley Unwin, alikuwa mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya George Allen & Unwin ya London, na aliamini kwamba mahakimu wa vitabu vya watoto ni watoto wenyewe. Ujira wa ripoti moja ulikuwa shilingi moja. Rayner alieleza hadithi kwa ufupi, akasema kitabu kikitiwa ramani hakitahitaji picha, kisha akatoa uamuzi: ni kizuri, na kitawapendeza watoto wote wa miaka 5 hadi 9.

Yaani mhakiki wa miaka 10 alikwisha kukiona kitabu hicho kuwa ni cha wadogo zake. Kitabu chenyewe ni The Hobbit cha J.R.R. Tolkien. Kilitoka tarehe 21 Septemba 1937, na tangu hapo kimesomwa na watoto, wazazi wao, walimu, maprofesa na wazee, wengi wao wakikirudia mara kadhaa maishani. Rayner hakukosea. Mtoto wa miaka 5 hadi 9 yumo kweli ndani ya kurasa zile, anaongeleshwa yeye hasa. Kazi yetu ni kujua wale wengine waliingilia mlango gani.

Kisa ninachokichambua hapa ni kimoja: sura ya tano ya kitabu hicho, ambayo mwandishi aliibadilisha ilhali kitabu kilikuwa kimekaa mikononi mwa wasomaji kwa miaka 14. Baadaye alijaribu kukiandika upya kitabu kizima, akakwama. Marekebisho ya kwanza yaligusa maudhui na kuiacha fani jinsi ilivyo. Ya pili yaliigusa fani. Ndani ya tofauti hiyo ndimo ninamoona jibu la swali linalomkabili kila mtunzi wa fantasia ya watoto: mtu mzima ataingiaje katika hadithi ya mtoto bila kumfukuza mtoto mwenyewe?

Shujaa wa miaka 50

Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akakulia Uingereza, na mwaka 1916 alikuwa askari katika mapigano ya Somme huko Ufaransa. Alikuwa na watoto wanne. Siku moja akisahihisha mitihani alikuta mtahiniwa mmoja ameacha ukurasa mtupu, akaandika juu yake kwamba katika shimo ardhini aliishi hobiti. Hobiti ni nini, hakujua. Alianza kutunga ili apate kujua.

Hadithi ilisimuliwa nyumbani kabla haijawa mswada, na wasikilizaji wake walikuwa wakali. Mwanawe Christopher, akiwa na miaka 4 au 5, alimkatiza baba yake katikati ya masimulizi ya Bilbo, yule hobiti, na mwenzake wa safari Thorin: mara ya mwisho ulisema mlango wa Bilbo ni wa buluu na kishada cha kofia ya Thorin ni cha dhahabu, na sasa unasema mlango ni wa kijani na kishada ni cha fedha. Baba alinung'unika kwa hasira, akainuka kwenda kuandika sahihisho. Nakithamini sana kisa hiki kidogo, kwa sababu kinaonyesha chanzo cha nidhamu ya kitabu. Mtu mzima anaposikia habari za majoka husema moyoni kwamba haya ni mambo ya kubuni tu, na rangi ya mlango ikibadilika hajali. Mtoto hawezi kutojali, kwa kuwa mlango ule ameshauona. Mwandishi aliyelazimika kumridhisha msikilizaji wa aina hiyo aliwajengea wasomaji wote nyumba isiyovuja.

Na shujaa aliyemchagua ni wa ajabu kwa kitabu cha watoto. Katika matukio ya kitabu hiki hakuna mtoto hata mmoja. Hobiti Bilbo Baggins ana umri wa miaka 50 hivi, hajaoa, anaishi peke yake katika nyumba nzuri yenye stoo kadhaa za chakula, na anaheshimika kwa majirani kwa kuwa hajawahi kufanya jambo lisilotarajiwa. Kimo chake ni cha mtoto, lakini mazoea yake ni ya mzee aliyestarehe. Siku moja vibete 13, watu wafupi wa ngano, wanajazana sebuleni kwake, wametumwa huko na mzee Gandalf, mjuzi wa uchawi. Wanataka kwenda kuikomboa hazina yao iliyonyakuliwa na joka Smaug, na wanamtaka Bilbo awe mwizi wa msafara. Mtoto anacheka akiona keki zinavyokwisha na mwenye nyumba anavyokimbia huku na huko na sahani. Mtu mzima anacheka kwa jambo jingine: huyu bwana hana ujasiri wa kuwaambia wageni waondoke. Kesho yake kuna barua ya mkataba chini ya saa iliyo juu ya meko. Malipo ni baada ya kazi, yasizidi sehemu moja ya 14 ya faida yote, kama faida itakuwepo. Nauli imedhaminiwa. Gharama za mazishi zitalipwa na waajiri, ikiwa haja itatokea. Msomaji wa miaka 8 anaipita barua hiyo haraka. Baba yake, aliyewahi kutia saini mkataba wa kazi, anairudia mara mbili.

Hiyo ni njia ya kawaida ya kuwapata wasomaji wa rika mbili kwa pamoja: utani mmoja kwa huyu, utani mwingine kwa yule. Tolkien aliifahamu na kuitumia vizuri. Lakini njia hiyo peke yake haimrudishi mtu mzima kwenye kitabu baada ya miaka 20. Sura ya tano inamrudisha.

Toleo la 1937: mchezo wenye adabu

Bilbo amepotea ndani ya mlima, gizani, mbali na wenzake. Akipapasa sakafuni mkono wake unagusa pete, anaitia mfukoni. Kisha anafika kwenye ziwa la chini ya mlima, na hapo anakutana na Gollum, kiumbe mwembamba mwenye macho makubwa yanayong'aa, anayeishi kisiwani na kula samaki wabichi na mazimwi wadogo anapowapata. Gollum anataka kumla. Wanakubaliana kushindana kwa vitendawili.

Msomaji wa Kiswahili hapo yuko nyumbani kabisa. Kitendawili cha Bilbo kuhusu sanduku lisilo bawaba wala ufunguo wala kifuniko, lenye dhahabu ndani, ni ndugu wa kile chetu cha nyumba isiyo na mlango, na jibu ni lile lile: yai. Tofauti iko kwenye dau. Kwetu aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji akajisifu nao kidogo, mchezo ukaendelea. Kando ya lile ziwa aliyeshindwa analiwa.

Vitendawili vyenyewe vinahusu meno, upepo, giza, samaki, mlima, wakati. Bilbo anapotegewa kile cha wakati akili inamganda. Anataka kuomba aongezewe muda, na kwa hofu mdomo unatoa neno moja tu: "Muda! Muda!" Kumbe ndilo jibu. Mtoto unayemsomea sura hii atakusimamisha hapo acheke kwanza. Mwishoni Bilbo, hana tena cha kutega, anajiuliza kwa sauti ana nini mfukoni. Gollum anadhani ametegewa, anabahatisha mara tatu, anakosa. Kama swali lile lilikuwa kitendawili halali au la, ni ugomvi ambao watoto huuanzisha wenyewe bila kuchochewa na mwalimu.

Sasa zingatia kilichofuata katika toleo la kwanza. Gollum alikuwa ameahidi kwamba akishindwa atatoa zawadi, na zawadi hiyo ni pete yake, pete inayomfanya mvaaji asionekane. Anakwenda kisiwani kuichukua, haioni, anarudi akiomba radhi tena na tena. Anafikia hata kumpa Bilbo samaki badala yake. Bilbo, ambaye pete anayo mfukoni, haisemi. Anaomba aonyeshwe njia ya kutokea badala ya zawadi. Gollum anamwongoza hadi kwenye njia, wanaagana. Msimulizi anatuhakikishia kwamba Gollum, pamoja na uovu wake, asingeweza kudanganya katika mchezo wa vitendawili.

Ni sura nzuri hata hivyo. Inatisha, inachekesha, ina utata kidogo kuhusu kitu kilichookotwa. Ila inaisha bila deni. Shujaa ameshinda, mpinzani ametimiza ahadi kwa kadiri alivyoweza, na pete ni kifaa tu cha kumsaidia mwizi mgeni katika kazi yake. Kama kitabu kingebaki hivyo, naamini kingekuwa leo kitabu kipendwacho cha miaka 5 hadi 9, kama ripoti ilivyosema.

Tatizo lililoletwa na mafanikio

Nakala 1,500 za kwanza ziliuzwa zote kabla mwaka 1937 haujaisha. Mchapishaji akataka hobiti wengine, na Desemba ile ile Tolkien akaanza kuandika. Kazi ilimchukua miaka mingi na ikatoka ikiwa The Lord of the Rings, katika majuzuu matatu ya mwaka 1954 na 1955. Aliyeisimamia kazi hiyo ndani ya kampuni alikuwa Rayner, sasa kijana mkubwa. Mwaka 1952 aliiomba upya kwa mwandishi. Alimwandikia baba yake kwamba kampuni ingeweza kupoteza pauni 1,000, na Stanley akamjibu kwamba kama anaamini kazi ile ni ya kipaji kikubwa, basi anaruhusiwa kuzipoteza.

Lakini katikati ya uandishi pete ile ndogo ilikuwa imebadilika. Katika riwaya mpya ni pete inayoikamata roho ya mwenye nayo. Hawezi kuitoa, hawezi kuigawa, ataua kwa ajili yake. Sasa mtu wa namna hiyo angewezaje kuitoa zawadi kwa mgeni aliyemshinda vitendawili, tena aombe radhi kwa kuchelewa? Kitabu kilichokuwa madukani kilimpinga mwandishi wake.

Mwaka 1947 Tolkien alimpelekea Stanley Unwin sura ya tano iliyoandikwa upya, kama kielelezo tu cha kinachowezekana. Hakupata jibu la maana, akadhani wazo limekufa. Mwaka 1950 zikamfikia prufu, yaani kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapwa, za toleo jipya, na sura ile imo ndani. Wachapishaji walikuwa wameichukulia kuwa ni sahihisho rasmi. Akalikubali jambo lilivyotokea, na toleo la pili likatoka mwaka 1951.

Sura mpya

Katika sura mpya hakuna zawadi. Gollum akishindwa ataonyesha njia, basi. Akishindwa, hana nia ya kutimiza: anakwenda kisiwani kuchukua pete ili aivae, arudi asionekane, amuue mgeni wake. Anapoikosa analia kilio kinachomtetemesha Bilbo upande wa pili wa maji. Kisha linamjia lile swali la mfukoni, na anaelewa. Anakuja mbio. Bilbo anakimbia, anajikwaa, pete inajivika yenyewe kidoleni, na Gollum anampita bila kumwona. Kuanzia hapo mwindwaji ndiye anayemfuata mwindaji, kwa sababu Gollum, katika hofu yake, anaelekea mlango wa nje.

Anaketi mbele ya njia ya kutokea, ameiziba. Bilbo yuko nyuma yake, haonekani, upanga mkononi. Yote yanamwambia amchome amalize. Hapo Tolkien anaweka aya moja fupi. Bilbo anafikiri kwamba pigano hilo si la haki: yeye haonekani, mwenzake hana upanga, tena hajajaribu bado kumuua. Halafu anamwona Gollum alivyo: peke yake, amepotea, siku zisizo na alama zikifuatana bila mwanga wala tumaini la nafuu, jiwe gumu, samaki baridi, kunyemelea na kunong'ona. Huruma inamjaa ikiwa imechanganyika na kuchukizwa. Anaruka juu ya kichwa cha Gollum, futi 7 mbele na futi 3 hewani, nusura apasue fuvu kwenye upinde wa njia, anakimbia. Nyuma yake sauti inalia mwizi, mwizi, mwizi, na kuapa chuki ya milele kwa jina la Baggins.

Tazama aya hiyo ilivyopangwa. Haikupewa ukurasa mzima. Msimulizi hakusimama kutueleza kwamba huruma ni jambo jema. Mtoto anayetaka kujua kama Bilbo atatoka anaipita aya katika sekunde chache na kuuwahi mruko, na mruko umepimwa kwa futi kama watoto wanavyopenda mambo yapimwe. Hakupoteza chochote. Lakini ile picha ya siku zisizo na alama imebaki ndani yake. Atakapoisoma tena akiwa na miaka 40, labda ameshaona mtu aliyezama katika jambo linalomla polepole, atasimama pale pale alipopita mbio zamani. Maneno ni yale yale. Aliyebadilika ni msomaji. Hilo ndilo ninalolitafuta katika kitabu ninaposema kinawafaa watu wa rika zote: tukio moja, kwa maneno yale yale, linalobeba uzito unaolingana na anayelibeba.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Maelfu ya nakala za sura ya zamani zilikuwa tayari kwenye rafu za watu. Tolkien hakuzikana. Alieleza kwamba sura ya zamani ni jinsi Bilbo alivyowasimulia wenzake na alivyoandika katika kumbukumbu zake, na kwamba alidanganya. Kisa kamili kiliwekwa katika utangulizi wa The Lord of the Rings: Bilbo alisema pete ni zawadi aliyoahidiwa akishinda mchezo, na Gandalf alishuku tangu mwanzo, maana hobiti huyu hakuwa na desturi ya kusema uongo. Kosa la mpangilio wa vitabu viwili likageuka kuwa dalili ya kwanza ya pete inavyomharibu mtu mwema.

Na uongo wenyewe ni ule watoto wanaoujua kuliko wote. Mtoto amekutwa na mwanasesere wa mwenzake, anaulizwa ameutoa wapi, naye anajibu kwa uso mkavu: amenipa mwenyewe. Hakuna maelezo ya falsafa yanayohitajika. Msomaji mdogo anamtambua Bilbo papo hapo, na anatambua pia kwa nini Gandalf hakumwamini. Mtu mzima anaona kingine tena: Gollum naye alizoea kuiita pete ile zawadi yake ya siku ya kuzaliwa, naye pia hakupewa kwa njia ya haki. Wawili hao wametunga uongo unaofanana sana. Umbali kati ya mwungwana mwenye stoo za chakula na kile kiumbe cha gizani umepungua ghafla, na hakuna neno la kutisha lililotumika.

Huruma ile, kwa kweli, ndiyo inayokuja kuamua hatima ya pete mwishoni mwa riwaya kubwa, kwa kuwa Gollum aliachwa hai. Lakini nasisitiza kwamba sura inajitosheleza bila kujua hilo. Mtoto asiyesoma riwaya ya pili hajaibiwa kitu.

Jaribio la 1960

Tolkien hakuridhika. Kilichomkera zaidi ni sauti ya msimulizi, yule anayemwambia mtoto "unajua" na "nitakueleza baadaye", anayetoka nje ya hadithi kufanya mzaha na msikilizaji. Mwaka 1955 alimwandikia mshairi W.H. Auden kwamba mtindo huo aliuambukizwa bila kufikiri na vitabu alivyosomeshwa yeye mwenyewe, kwamba anaujutia sana, na kwamba watoto wenye akili wanaujutia pia. Alikuwa na hoja. Katika hotuba yake ya mwaka 1939 huko St Andrews, Scotland, kuhusu ngano za ajabu alikwisha kusema kwamba ngano hizo zilisukumwa kwenye chumba cha watoto kama samani zilizopitwa na wakati, kwa sababu tu watu wazima wamezichoka, wala si kwa kuwa watoto ndio wamiliki wake wa asili. Mtu mwenye imani hiyo lazima aone haya akisoma mahali alipomdekeza msomaji wake.

Basi mwaka 1960 akaanza kukiandika upya chote kwa mtindo wa riwaya kubwa. Mizaha ya msimulizi ikapunguzwa, jiografia na siku za safari zikasawazishwa, wahusika wakaongezewa hadhi. Alifika mwanzoni mwa sura ya tatu. Rafiki aliyempa asome alimwambia kwamba ni kazi nzuri ajabu, ila si The Hobbit. Akaacha.

Huyo rafiki alisema kweli, na nadhani sababu inaweza kuonyeshwa kwa kidole. The Hobbit ina sura 19, na sauti yake haikai mahali pamoja. C.S. Lewis, mwandishi na rafiki wa Tolkien, aliligusia hilo mapema kabisa, katika uhakiki wake wa Oktoba 1937 kwenye Times Literary Supplement, gazeti la uhakiki wa vitabu: hadithi inaanza kwa mambo ya kawaida kabisa na kuishia kwa sauti ya tenzi za mashujaa. Alisema pia kwamba kitabu kitawachekesha zaidi wasomaji wadogo kabisa, na kwamba miaka mingi baadaye, katika usomaji wa kumi au wa ishirini, ndipo watakapoanza kuona elimu na tafakuri iliyomo.

Fuatilia safari ya sauti hiyo. Mwanzoni msimulizi haachi kututania. Katika sura ya tano anatuhakikishia mambo mawili matatu, kisha kwenye ile aya ya huruma anatoweka. Baadaye Bilbo anashuka peke yake kwenye handaki la joka, anasikia mkoromo, anasimama. Msimulizi anarudi kwa muda mfupi na kutuambia kwamba kupiga hatua ile mbele, kabla hata hajaiona hatari yenyewe, ndilo jambo la kijasiri kuliko yote aliyopata kufanya. Halafu mambo yanakuwa mazito na msimulizi anazidi kunyamaza. Joka linauawa na Bard, mtu wa mjini ambaye hatukumjua, wala si na shujaa wetu. Waliokuwa upande mmoja wanagombania dhahabu. Bilbo anachukua kito ambacho Thorin, mkuu wa vibete, anakipenda kuliko vyote, anawapelekea waliouzingira mlima ili kiwe kifaa cha kuleta suluhu, kisha anarudi kwa wenzake kukabili hasira yao. Katika vita vya mwisho anapigwa na jiwe na kuzirai, haoni ushindi. Anaamka kwenda kuagana na Thorin anayekufa, na Thorin anakiri kwamba dunia ingekuwa na furaha zaidi kama wengi wangethamini chakula, uchangamfu na nyimbo kuliko dhahabu iliyorundikwa. Kwenye ukurasa huo mzaha haupo. Mwandishi aliyewahi kuwa Somme hakuufanyia mzaha ukurasa huo.

Sasa ukiondoa utani wa sura ya kwanza, umeondoa mahali msomaji anapoanzia. Mtoto aliyeingia akidekezwa anatoka akiwa amesimama kando ya kitanda cha mtu anayekufa, na katikati hapakuwa na mahali alipoambiwa kwamba sasa mambo ni ya wakubwa. Mtindo wa 1960 ungemsimamisha kando ya kitanda kile tangu ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana nasema mwandishi aliidharau sauti iliyokuwa ikimfanyia kazi kubwa. Alikuwa sahihi kuhusu sentensi moja moja, nyingine kweli zina utoto usio wa lazima. Kuhusu sauti yote kwa jumla, hakuwa sahihi.

Kitabu kina upungufu wake. Vibete 13 ni wengi mno. Ukiacha Thorin, Balin na Bombur mnene, wengine ni majina na rangi za kofia tu. Hakuna mwanamke mwenye sehemu katika matukio, na msichana anayekisoma leo ana haki ya kuuliza kwa nini. Hayo marekebisho yote hayakuyagusa.

Mwaka 1966 likatoka toleo la tatu, kwa sababu za kulinda hakimiliki Marekani. Tolkien alipata tena nafasi ya kupanga kila kitu. Alisahihisha maneno hapa na pale, na msimulizi akamwachia sehemu kubwa ya mizaha yake. Kurasa za 1960 zilibaki katika nyaraka hadi mwaka 2007, mtafiti John D. Rateliff alipozichapisha ndani ya historia yake ya mswada wa kitabu hiki. Anayefundisha uandishi wa fantasia kwa watoto afanye zoezi moja: aweke mbele ya wanafunzi wake sura ya tano ya 1937 na ile ya 1951, halafu sura ya kwanza ya kawaida na ile ya 1960, azisome zote nne kwa sauti, na awepo mtoto wa miaka 8 chumbani.